Kabla na Baada ya Sinema ya Maafa

Meli inapinduka, jengo refu linashika moto, ugonjwa usio na jina unaingia mjini, na watu waliolipa kiingilio wanaendelea kukaa kwenye mabenchi wakitafuna karanga. Hakuna anayewashangaa. Sinema za maafa ni burudani inayopendwa na watu wa rika zote, na Tanzania haiko nyuma katika mapenzi hayo. Vibanda vya video vilizifikisha mitaani na vijijini, na watafsiri wa sinema, akiwamo Derek Mukandala aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, wakazipa sauti ya Kiswahili. Mtazamaji asiyejua Kiingereza akaweza kulia pamoja na abiria wa Titanic kana kwamba walikuwa majirani zake.

Hospitalini na katika zahanati, burudani hii haina sifa njema. Wapo wahudumu wa afya wanaoiona kuwa kiwanda cha hofu na uvumi, na wapo wagonjwa wanaoona haya kukiri kwamba wanaipenda. Hukumu hiyo ni ya haraka. Utamu wa sinema ya maafa una sababu zake, na anayezielewa sababu hizo huiona pia kasoro yake kuu. Sinema huanza hatari inapofika na huisha hatari inapopita, ilhali kazi inayookoa watu wengi zaidi hufanyika kabla ya mwanzo huo na baada ya mwisho huo. Kuzikataza sinema hizi ni kazi bure. Lenye faida ni kuwasaidia watazamaji waione sehemu isiyoonyeshwa.

Utamu wa hofu

Sababu ya kwanza imo mwilini. Macho yanapoona wimbi kubwa likishuka, ubongo hausubiri kuambiwa kwamba hiyo ni picha tu. Sehemu yake ndogo iitwayo amigdala huamsha tahadhari, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, moyo huongeza mapigo na viganja hutoka jasho. Papo hapo sehemu ya mbele ya ubongo hukumbusha kwamba sakafu ni kavu na mlango uko wazi. Mtazamaji hubaki na msisimko usio na hatari, na msisimko huo unapotulia hufuatwa na faraja. Mabadiliko haya hupimika hata katika damu. Uchunguzi mdogo wa Leiden, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha vijana 24 wenye afya, ulionyesha kwamba sinema ya kutisha ilipandisha kiasi cha protini mojawapo ya kugandisha damu kuliko ilivyofanya filamu ya elimu, ingawa hakuna damu iliyoganda kwa sababu hiyo.

Sababu ya pili ni mpangilio. Katika sinema adui anajulikana, muda unahesabiwa, na mwisho una hakika. Msiba wa kweli hauna fadhila hizo. Mgonjwa wa figo anayekwenda kusafishwa damu kila wiki, au mama anayemuuguza mtoto mwenye selimundu, haambiwi na yeyote kwamba baada ya saa mbili taa zitawashwa na kila mtu atarudi kwake. Si ajabu basi mtu mwenye maradhi ya muda mrefu akapenda hadithi ambayo ndani yake balaa lina kikomo. Anayemcheka kwa hilo hajaelewa anachokitafuta.

Sababu ya tatu ni jaribio la utu. Kila sinema ya maafa huuliza swali moja: nani atampisha mwenzake, na nani atamkanyaga? Mtazamaji hujipima humo kwa siri, naye hufanya mazoezi bila kujua. Mwaka 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Marekani wakati wa janga la UVIKO-19. Wapenzi wa sinema za kutisha waliripoti msongo mdogo zaidi wa mawazo katika janga hilo, na wapenzi wa sinema za maangamizi walijiona wamejiandaa vizuri zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba sinema ndiyo iliyowapa uimara, kwa kuwa huenda watu imara ndio wanaozipenda. Hata hivyo unatosha kumfanya mhudumu wa afya asizibeze.

Kwihara ya 1871 na 1872

Tofauti kati ya msiba wa kwenye sinema na msiba wa kweli inaweza kuonekana vizuri katika sehemu isiyotarajiwa. Kilomita chache kutoka mjini Tabora, Kwihara ina tembe ambayo leo ni makumbusho. Kituo hicho cha njia ya misafara ya Wanyamwezi na Waarabu kina kila kitu ambacho mtunga sinema angekitamani.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Kwihara Juni 1871. Mwezi Agosti Mirambo aliishambulia Tabora, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Kule Kwihara, Stanley na watu wake walitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, wakaweka akiba ndani na kungoja kuzingirwa. Sinema yoyote ingemleta Mirambo hadi mlangoni katika nusu saa ya mwisho. Mirambo hakuja. Walingoja, kisha maisha yakaendelea. Homa nayo iliendelea, na John Shaw, Mwingereza aliyekuwa katika msafara huo, akafia hapo hapo Kwihara.

Februari 1872 Stanley alirudi Kwihara akiwa na David Livingstone, waliyekutana Ujiji. Machi akaondoka kwenda pwani. Livingstone alibaki katika tembe hadi Agosti 25 akisubiri wapagazi waliotoka pwani: zaidi ya miezi mitano ya kukaa, kuhesabu siku na kutazama njia. Alikuwa tabibu aliyepata leseni yake Glasgow mwaka 1840, na pigo lililomdhoofisha kuliko mengi lilimpata mwanzoni mwa 1867, pale sanduku lake la dawa, pamoja na kwinini iliyokuwamo, lilipoibwa na wapagazi waliotoroka. Hapakuwa na mlipuko wala mayowe. Ilikuwa dawa kukosekana tu, jambo ambalo kila mfamasia wa zahanati ya kijijini analifahamu, na madhara yake yakajilimbikiza mwaka baada ya mwaka hadi alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Katika njia hiyo hiyo ndui ilisafiri na misafara na kuwaua wapagazi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Mwaka 1939 Hollywood iliitengeneza hadithi hiyo kwa jina la Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Inaeleweka kwa nini mtu aliyetafutwa na kupatikana akawa ndiye kiini cha sinema. Kusubiri wapagazi kwa miezi mitano hakuuzi tiketi. Lakini anayetaka kujua maafa ya kweli hufananaje ataona mengi zaidi katika miezi ile mitano na katika sanduku lile lililopotea.

Meli za sinema na meli ya Bukoba

Nyanda za Ziwa Victoria zina mfano mchungu zaidi. Sinema ya The Poseidon Adventure ya mwaka 1972 inahusu meli iliyopinduliwa na wimbi. Abiria wachache wanapanda kuelekea chini ya meli, ambako sasa ndiko juu, na mwishoni waokoaji wanalikata bamba la chuma na kuwatoa manusura sita. Watazamaji hupumua na kufurahi.

Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu waliozidi mno uwezo wake. Kwa muda ilielea kichwa chini, na baadhi ya abiria walikuwa hai ndani yake. Chuma kilitobolewa ili wafikiwe, hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, na meli ikazama nao. Mamia ya watu walifariki. Waliokuwa juu ya chuma kile hawakukosa moyo wala nia. Kilichokosekana kilipaswa kuwepo kabla ya asubuhi ile: hesabu ya abiria bandarini, vifaa vya uokoaji na mafunzo ya kuvitumia.

Hata Titanic ya kweli inafundisha hivyo. Sinema ya mwaka 1997 inaishia kwenye mapenzi na kumbukumbu. Historia yenyewe inaendelea. Aprili 1912 meli hiyo ilikuwa na mashua za kutosha takriban nusu tu ya waliokuwemo, na zaidi ya watu 1,500 walikufa. Mwaka 1914 mataifa yalikubaliana mkataba wa usalama wa baharini uliotaka mashua ziwatoshe wote. Kikao cha mkataba hakina muziki wala machozi, lakini kimeokoa watu wengi kuliko nahodha yeyote wa kwenye sinema. Wakazi wa Tabora wanaoitegemea Reli ya Kati wanaweza kuliweka swali hilo hilo mbele ya ajali ya Igandu, Dodoma, ya Juni 24, 2002, ambapo treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafariki. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Usalama nao huundwa, na wanaouunda hawaonekani.

Ugonjwa wa sinema na ugonjwa wa kweli

Kwa wahudumu wa afya, sinema za milipuko ya magonjwa ndizo zenye uzito zaidi. Outbreak ilitoka Machi 1995. Kirusi cha kubuni kutoka Zaire kinafika California kwa njia ya nyani mdogo aliyesafirishwa kwa magendo. Mji unazingirwa, jeshi linakusudia kuulipua kwa bomu, na daktari shujaa anamkamata mnyama yule na kupata dawa kabla bomu halijaanguka. Ni sinema inayosisimua, na kasi yake ndiyo inayoipa utamu.

Miezi michache baada ya sinema hiyo kutoka, dunia ilikuwa ikitazama Ebola ya kweli huko Kikwit, Zaire. Watu 315 waliugua na 250 walifariki. Miongoni mwa waliougua, 80 walikuwa wahudumu wa afya. Mlipuko haukukomeshwa na dawa, kwa kuwa haikuwepo. Ulikomeshwa na glavu, barakoa, maji, kutenga wagonjwa, kuwafuatilia waliowagusa na kuzika kwa usalama. Dawa ilikuja baadaye sana, na historia yake inashinda sinema. Watafiti walipata kingamwili kutoka katika damu ya manusura wa Kikwit, wakaifanyia kazi kwa miaka, ikajaribiwa kwa wagonjwa mashariki mwa Kongo, na mwishoni mwa 2020 dawa iliyotokana nayo ikaidhinishwa Marekani. Muda wa saa chache wa Outbreak ulikuwa miaka 25 katika maisha ya kweli.

Tanzania ilipata zamu yake Machi 2023, Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa 9, na 6 walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Zaidi ya watu 200 waliokutana na wagonjwa walitambuliwa na kufuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21, kwa kupimwa joto na kuulizwa hali. Baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, Juni 2, ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Siku 42 za kutotokea kitu ndizo zilizokuwa ushindi wenyewe. Hakuna kibanda ambacho kingeweza kuziuza.

Hapa ndipo burudani inapoweza kugharimu maisha. Mtu aliyejifunza homa za virusi kutoka kwenye sinema husubiri damu itoke machoni ndipo aamini kwamba kuna hatari, ilhali Marburg na Ebola huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na uchovu, mithili ya malaria, na wapo wagonjwa wasiotoka damu kabisa. Aliyeona mavazi meupe ya kujikinga yakiandamana na bunduki na mabomu huyakimbia anapoyaona kijijini. Aliyezoea dawa ya dakika ya mwisho humwamini mchuuzi wa dawa ya uongo. Naye aliyezoea maafa yenye kishindo huudharau ugonjwa usio nacho, kama kipindupindu, ambacho bila matibabu kinaweza kuua nusu ya wagonjwa mahututi, lakini kwa maji yenye chumvi na sukari ya ORS yanayotolewa mapema, na dripu kwa waliozidiwa, huua chini ya mmoja katika mia.

Haki itendeke: zipo sinema zilizojitahidi. Contagion ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Steven Soderbergh kwa ushauri wa mtaalamu wa virusi Ian Lipkin, inamwonyesha mtaalamu wa afya akieleza ubaoni jinsi mgonjwa mmoja anavyoambukiza wengine, inaipa chanjo miezi badala ya saa, na inamfichua mtu anayejitajirisha kwa kuuza imani ya tiba ya mimea isiyotibu. Mwanzoni mwa 2020 watu wengi duniani waliitafuta upya. Ilipendwa kwa sababu, katikati ya hofu isiyo na sura, iliwapa ramani.

Umati haukimbii ovyo

Uongo mwingine unaopendeza ni ule wa umati unaokanyagana huku shujaa mmoja akisimama imara. Mwanasosholojia Enrico Quarantelli, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1963, alitumia maisha yake kuchunguza jambo hilo. Aligundua kwamba taharuki ya namna hiyo ni nadra, na kwamba watu wa kwanza kuokoa ni walio karibu. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka ziwani Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka. Majaliwa Jackson, mvuvi kijana, alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege, na alistahili sifa hizo. Hata hivyo masimulizi yalielekea upesi kumfanya shujaa pekee, kama sinema zifanyavyo, na wenzake wa mitumbwini wakafifia.

Funzo kwa sekta ya afya ni kubwa. Mpango wa dharura unaowaona wananchi kuwa kundi la kutulizwa utawaficha taarifa. Mpango unaowaona kuwa waokoaji wa kwanza utawafundisha kuzuia damu, kumlaza majeruhi vizuri na kupiga simu mapema.

Kazi ya mhudumu wa afya

Yanayopendekezwa hapa hayahitaji bajeti kubwa. Watafsiri wa sinema na wenye vibanda wafanywe washirika wa elimu ya afya. Mtafsiri anayejua kumfanya mtu alie kwa ajili ya abiria wa mwaka 1912 anaweza pia kumwambia kwamba homa isiyoeleweka ipelekwe zahanati, na kwamba namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Penye runinga katika chumba cha kusubiria, sinema ikiisha mhudumu aulize maswali matatu. Nini kingefanywa wiki moja kabla ili haya yasitokee? Nani alifanya kazi hapa bila kuonyeshwa? Na kesho yake, nani amebaki na manusura? Maswali hayo yatafundisha mengi kuliko bango la ukutani, kwa sababu yanaingia moyo ukiwa umekwisha kufunguliwa.

Tahadhari nazo zinahitajika. Aliyenusurika ajali ya meli, moto au gari asilazimishwe kutazama kinachomrudisha humo. Kama anaota ndoto za kutisha, anashtuka ovyo au anakwepa mahali pa ajali kwa muda unaozidi mwezi, anahitaji huduma ya afya ya akili, na kumwambia ajikaze ni kumwongezea jeraha. Watoto wadogo hawatenganishi vizuri picha na ukweli, hivyo wasiachwe peke yao mbele ya runinga. Anayepata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, hata kama ni katikati ya sinema, aende kituo cha afya bila kusubiri mwisho.

Zaidi ya yote, mhudumu asisimame mlangoni kuwakemea watazamaji. Wanachokipenda humo, yaani kuona watu wakichaguana katika hatari na kutoka salama, ni kile kile kinachomwamsha yeye kila asubuhi kwenda kazini. Tofauti ni kwamba yeye anajua yaliyotangulia na yatakayofuata: daftari la wagonjwa, sanduku la dawa lililohesabiwa, ziara ya siku ya 21, mgonjwa anayeendelea kumeza vidonge hadithi ikiwa imekwisha. Asipoyasimulia yeye, hakuna sinema itakayoyasimulia, na maafa yajayo yatawakuta watu wakimngoja shujaa.